Mapacha Waliochezwa Nusu

Tangu nijifungue, mama mkwe wangu alinipikia ndizi kila siku, na kila siku alizileta hadi kizingitini akaishia hapo. Aliinama, akakisukuma chungu ndani kwa ncha za vidole, kisha akarudi kukaa kwenye mkeka wake chini ya upenu. Watoto hakuwatazama. Mmoja akilia, aligeuza uso kwenye migomba akauma mdomo.

Nilikuwa nimezaa pacha, Kakuru wa kiume na Nyakato wa kike. Kwetu Karagwe pacha, barongo kama tunavyowaita, hawabebwi hivi hivi. Ni lazima watolewe nje kwa ngoma. Baba anamshika mmoja, mama anamshika mwingine, nao wanacheza pamoja mbele ya ukoo kutoka ndani hadi uani. Kabla ya hapo bibi yao hathubutu kuwagusa, kwa maana inasemekana ngozi ya mkono uliowagusa itababuka na watoto wenyewe hawatakaa duniani. Mama mkwe wangu, Kokubanza, aliyaamini hayo kama mimi ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Ninalisema hili mapema kwa sababu siku moja niliwasikia wenzangu, wake wa walimu, wakimtaja kama mchawi, na siku hiyo niliwajibu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Mwanawe, mume wangu Rwezaura, alikuwa mwalimu wa kanisa la Kilutheri, kanisa dogo la nyasi juu ya mlima wetu upande wa Kamuli. Ilikuwa miaka ya vita. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameshachukuliwa na Waingereza, na makanisa yalibaki mikononi mwa wachungaji wetu wachache na walimu kama yeye. Tena uamsho ulikuwa umetufikia, watu wanaokoka kila wiki, wanatubu hadharani, wanarudisha mbuzi walioiba zamani. Aliyeokoka aliacha mambo mengi, lakini la kwanza lilikuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na la pili lilikuwa ngoma. Mapacha wangu walizaliwa katikati ya hayo.

Mimi ni mtu wa huko Ndama, wa nyumba ya wapiga ngoma. Kaka zangu waliitwa kila penye harusi, na mimi nilicheza kabla sijajua kuhesabu. Nilipobatizwa nikiwa msichana mkubwa niliacha yote, na sikulalamika, kwa sababu nilimpenda Yesu na baadaye nikampenda Rwezaura. Lakini miguu haikubatizwa vizuri, nadhani. Siku zile za uzazi nilifungiwa ndani na watoto wawili wanaopokezana kulia, na upepo ukivuma kutoka ng'ambo ya bonde, kwa Wakatoliki ambao padri wao hakuwabana kwenye harusi kama sisi tulivyobanwa, nilisikia ngoma. Mara blanketi linatikisika. Nilikuwa nakaza magoti, nasali Baba Yetu, na nikifika "utupe leo" miguu ilishaanza tena.

Nilimwambia mume wangu tuwacheze watoto.

"Haiwezekani," alisema. "Nyimbo za barongo zimejaa matusi. Wewe unazijua."

Nilizijua. Nyingine zinachekesha mpaka mbavu ziume, na si za kuimba mbele ya mchungaji.

"Basi tuyaache matusi, Mwalimu. Tubaki na miguu."

"Miguu ndiyo inayoyaita matusi."

"Siku uliyookoka uliruka kanisani mpaka ukavunja benchi. Ile ilikuwa nini?"

"Ile ilikuwa furaha ya Roho."

"Na miguu ilikuwa ya nani?"

Alichukua kofia yake akatoka nje. Rwezaura hakuwa mtu wa kugombana. Ukimbana, aliondoka, na mimi ninayependa jambo liishe palepale nilibaki nimeshika hasira yangu mkononi sina pa kuiweka. Nilimsikia akipita mbele ya mama yake bila neno. Mama yake naye hakumsemesha. Tangu achukuliwe kwenda shule ya misheni akiwa mdogo, wale wawili walikuwa wakisalimiana kwa adabu kama wageni.

Haukupita muda akaja Mzee Kashaija, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye kikohozi. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mtoto huku na mtoto huku, nawabembeleza kwa kuyumba kutoka mguu huu kwenda ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Hongera kwa mzigo mzito." Alitazama kule kuyumba kwangu, akatazama pembeni. "Nimesikia maneno huko nje kwamba nyumba hii inataka kucheza barongo. Nimekuja kama baba yako. Mchungaji akija kubatiza watoto, akakuta wamechezwa, wewe utatengwa na Meza ya Bwana na Mwalimu atavua kanzu ya ualimu. Sikulitunga mimi. Ndivyo tulivyokubaliana wote, na mume wako ndiye aliyesimama kulieleza kanisani."

"Mzee, sasa hivi ninafanya nini?"

"Unawabembeleza watoto."

"Nikiongeza mwendo kidogo?"

Alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi chake kilivyohitaji. "Mama," alisema, "usinitie majaribuni," akaenda zake.

Niseme wazi kilichokuwa kikinikosesha raha, maana haikuwa miguu peke yake. Watoto wangu walikuwa na bibi mmoja tu. Mama yangu mzazi alishafariki. Huyu aliyebaki alikaa hatua chache kutoka kwao, mvua ikimlowesha kwa upande mmoja, na hakuwa tayari kuwashika. Nilitaka wabatizwe, tena nilitaka sana, na nilitaka Kokubanza awapokee mikononi mwake kama bibi anavyopokea wajukuu. Kila mtu aliniambia nichague. Niliamka na hilo, nililala nalo, niliponyonyesha lilinikaa kifuani pamoja na watoto.

Jumapili ya ubatizo Mchungaji alifika kwa baiskeli, suruali imekunjwa hadi magotini, akiwa na haraka kwa sababu alikuwa na kanisa lingine mchana. Rwezaura mwenyewe aliipiga ngoma ya kuwaita watu ibadani. Ndiyo, ngoma ilikuwepo, ngoma ya kanisa, iliyopigwa pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, mtu yeyote asije akavutika. Kokubanza alikuja nyuma yangu. Alinibebea mzigo wa nguo za watoto, kwa maana nguo hazikukatazwa, akasimama nje kando ya mlango. Mpaka siku hiyo hakuwa amewahi kuingia kanisani.

Watoto walibatizwa Natanaeli na Damari. Maji yalikuwa ya baridi, wakapiga kelele wote wawili, watu wakacheka. Mchungaji akasema amina. Nikageuka nirudi kwenye nafasi yangu, na pale mbele yangu nikauona mlango uko wazi, uani kuna jua, na mama mkwe wangu amesimama ameshikilia furushi la nguo kifuani kwa mikono yote miwili.

Sikuwa nimepanga. Kama ningepanga ningefanya vizuri zaidi. Nilianza tu, taratibu, hatua yetu ile ya kukanyaga na kuteleza, bila ngoma, bila wimbo, mtoto mmoja kila mkono. Niliposema moyoni "Asante, Bwana" mguu ulishuka, niliposema tena ukashuka tena. Nilisikia nyayo zangu mwenyewe kwenye udongo. Nilifika alipokuwa amesimama mume wangu, nikamnyooshea Nyakato, maana mtoto wa pili ni wa baba kumcheza.

Rwezaura aliweka mikono nyuma ya mgongo.

Nilimnyooshea tena, nikimtazama usoni. Alikuwa anatokwa jasho na alitazama chini. Sikuweza kusimama pale milele. Nikamrudisha mtoto kifuani, nikawacheza wote wawili peke yangu mpaka mlangoni, nikavuka kizingiti, nikasimama mbele ya Kokubanza nikihema.

"Wapokee, mama."

Aliwatazama. Ilikuwa mara ya kwanza kuwatazama, na machozi yalimshuka waziwazi. Mikono ilitoka kwenye furushi, ikafika nusu ya njia, ikarudi.

"Wamechezwa nusu, mwanangu," alisema. "Mmoja amechezwa na mama yake. Huyu mwingine bado hana baba."

Mchungaji hakunifokea. Alisema kwa huzuni kwamba ubatizo ni wa Mungu, umeshatimia, hauondolewi, lakini mama amekwaza kundi, atakaa benchi la nyuma na hatakaribia Meza mpaka atubu. Mwalimu alisifiwa kwa msimamo wake. Kashaija alikohoa. Mchungaji akapanda baiskeli akashuka mlima, na mimi nikabaki nimepoteza pande zote mbili kwa siku moja.

Sasa hapo ndipo nyumba yetu ilipochacha. Nilimpikia mume wangu, nikamfulia, nikampigia pasi kanzu yake ile aliyoinusuru, na nilimwita mwoga. Sikumwita mara moja. Akila namwita, akitoka namwita. "Umeilinda kanzu. Haya, iambie ikuzalie wengine." Alitoka. Alizunguka kwenye kahawa, anavunja vitawi ambavyo havikuhitaji kuvunjwa, anarudi, anakaa, anasimama. Usingizi ulimpaa. Nilimwona akiwatazama watoto kwa namna ya mtu anayetaka kusema kitu, na nilikuwa nageuka makusudi ili asikiseme. Nilikuwa na hasira mpaka kahawa iliyoanikwa ilinikera kwa kukaa tu juani.

Kila ibada nilikaa benchi la nyuma pamoja na mzee mmoja aliyeoa mke wa pili. Aliniambia kwamba ukizoea, nyuma kuna hewa nzuri. Sikuzoea. Wenzangu walipokwenda mezani nilikuwa nawabadilisha watoto mikono, huyu huku, yule huku, ili nisiwe mtu aliyekaa bure. Mchungaji alinitumia ujumbe kupitia Kashaija: niseme tu kwamba nimetubu kucheza. Nilifikiri sana. Nilikuwa tayari kutubu hasira, kutubu ulimi, kutubu hata ule mzaha niliomfanyia mzee. Lakini pale mbele ya maji nilikuwa nasali, na sikujua namna ya kumwomba Mungu msamaha kwa kumshukuru. Nilimwambia Kashaija hivyo. Alisema atapeleka jibu, ila atalilainisha kidogo.

Waliookoka walikuwa na mkutano wao alasiri moja kila wiki, kanisani. Wanakaa, wanaimba, kisha yeyote anayesukumwa moyoni anasimama anatubu mbele ya wote. Akimaliza tu, ndugu wanapasuka kwa wimbo. Wanamkumbatia, wanaruka, akina mama wanapunga vitambaa. Hilo halikuitwa kucheza. Siku moja nilihudhuria kwa sababu nyumba ilinishinda, nikakaa nyuma, watoto mapajani. Kokubanza alibeba nguo kama kawaida, akasimama nje ya mlango kama kawaida.

Rwezaura akasimama.

Nilijua anachotaka kufanya. Kulikuwa na desturi mbaya pale ya mume kutubu dhambi za mke wake, akieleza kwa kirefu, na watu kumhurumia. Nilishakusanya maneno ya kumjibu mbele ya kanisa zima, na yalikuwa maneno makali.

"Ndugu," alisema, "nimekuja kutubu."

"Amina," wakasema.

"Mke wangu alinipa mtoto wangu mahali hapa, nikaweka mikono nyuma. Ninyi mlidhani nimesimama upande wa Bwana, mkanisifu, na mimi nikanyamaza nikazipokea sifa. Mama Kakuru anadhani nilikuwa naitetea kanzu. Ameniambia hivyo, mara nyingi." Hapo wengine walijikohoza. "Wote mmekosea. Sikumfikiria Bwana wala kanzu. Niliona aibu. Sijui kucheza."

Kijana mmoja alicheka, akazibwa mdomo na mama yake.

"Nilikuwa mtoto mdogo nilipopelekwa misheni. Siku ya kwanza tulicheza uani, mimi na watoto wengine, mchezo niliofundishwa na mama. Mwalimu aliyekuwa zamu akatutoa mmoja mmoja, akatuchapa kwenye nyayo, akatuambia miguu hiyo ni ya shetani. Nikaamini. Nikajifunza kutembea kwa mstari. Siku nilipookoka niliruka, kwa kuwa kuruka hakufundishwi. Lakini kucheza sijui, ndugu zangu, na kwa miaka yote hii nimesimama hapa nikikemea kitu nisichokijua. Nimemwita mama yangu mpagani kwa sababu yeye anajua na mimi sijui. Pale ubatizoni mke wangu alicheza mbele za Mungu, niliona kwa macho yangu mawili, na hamu ilinishika. Nikamnyima binti yangu baba yake. Hiyo ndiyo dhambi niliyokuja kuitubu. Nisameheni. Mzee Kashaija, kanzu utaikuta nyumbani."

Akamaliza. Akabaki amesimama, mikono imelegea.

Nilikuwa nimefungua mdomo na maneno yangu makali yote, na hayakutoka. Nililia. Wiki zote zile nilikuwa nampiga mtu aliyekwisha kupigwa, tena mahali palepale, na niliumia sana.

Na hakuna aliyeimba. Ilikuwa zamu ya wimbo, mtu ametubu, ametubu kweli, na kwa desturi yao watu walipaswa kuruka juu kwa furaha. Lakini wangeruka kwa ajili ya nini? Mtu ametubu kutocheza. Kashaija ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama jirani yake. Jirani akatazama paa. Wanawake walikuwa wameshatoa vitambaa, sasa hawajui kama wavipunge au wafutie jasho. Dada mmoja alisema "Amina," kwa sauti ya kuuliza. Mume wangu alisimama peke yake katikati ya ukimya ule, na katika mkutano wa waliookoka hakuna adhabu kubwa kuliko kutubu usiimbiwe.

Waliotengwa hawaruhusiwi kwenda mbele. Nilinyanyuka. Yule mzee wa wake wawili akanisogezea miguu yake nipite. Nilitembea katikati ya mabenchi, Kakuru mkono wa kulia, Nyakato mkono wa kushoto, na hakuna aliyenizuia, nadhani kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake anizuie. Nilifika mbele ya mume wangu. Nilimnyooshea Nyakato.

Akampokea. Alimshika vibaya, shingo imeegemea kwenye kiwiko, na mtoto akakunja uso tayari kulia, lakini hakulia. Mimi nilianza, polepole, hatua ndogo ya kumngoja. Rwezaura aliinua mguu wa kulia, akauweka chini. Akainua wa kushoto, akasita, akauweka. Watu wote walikuwa wanamtazama miguu. Mwalimu wao, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, amesimama na viatu vyake vya kamba kama mtu aliyefika mtoni hajui kina. Uso ulimwiva kwa aibu. Nikadhani atakimbia kama alivyozoea kukimbia.

Hakukimbia. Aligeuka kuelekea mlangoni, alikosimama mama yake na furushi la nguo, na mbele ya kanisa zima akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla ya hapo wala baada ya hapo:

"Mama, naanza na upi?"

Kokubanza alidondosha nguo zote chini.

"Wa kushoto, mwanangu," alisema, akavuka kizingiti aje amwonyeshe.